Aliyenenepeshwa Apate Kiti cha Mbele

Ni saa mbili asubuhi, na ngiri wanne wamelala katikati ya uwanja wa ndege kana kwamba wamelipia. Mwanamke mmoja aliyevaa kizibao cha njano juu ya dera lake anawaendea taratibu, mkononi ana sufuria na mwiko. Anaigonga sufuria mara kadhaa. Ngiri wanasimamisha mikia na kuondoka kwa kujivuta, wakigeuka nyuma kumtazama.

"Hawa ni wafanyakazi wenzangu," anasema Mwantumu Sadala, mwenye umri wa miaka 54. "Ila wao wanaripoti mapema kuliko mimi."

Uwanja wenyewe ni ukanda wa udongo uliosawazishwa nje kidogo ya kijiji cha Mloka, kwa ajili ya wageni wa kambi za kitalii. Hauna jengo wala uzio. Una banda la makuti, benchi moja, kitambaa cha kuonyesha upepo unakotoka, na mizani mbili: ya kuning'inizia mabegi na ya kukanyagwa na watu. Mizani hizo ndizo ofisi ya Mwantumu. Ukitaka kuruka kutoka hapa, uwe mtalii au mkurugenzi, utazipitia kwanza.

Ndege zinazotua hapa ni ndogo, za injini moja, na rubani hawashi mpaka ajue uzito wa kila abiria na begi lake. Mwantumu anapima na kutaja, rubani anapanga nani akae wapi. Ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, kwa mshahara usiofika laki tatu kwa mwezi, na anasema kinachomchosha si jua wala vumbi. Ni aibu za watu.

"Mtu akiiona mizani anavua viatu. Anavua saa. Kuna mzungu mmoja alivuta tumbo ndani mpaka akawa mwekundu, nikamwambia, baba, mizani haina macho, pumua tu."

Hata hivyo, sifa za Mwantumu hazikutokana na mizani. Katika kambi zote za jirani anajulikana kama Mama Dirisha, kwa sababu ndiye anayekuelekeza ukae upande gani ili uone vizuri. Ukienda Mafia, kaa kulia, mto utakuwa wako mpaka uchoke. Ukitoka Dar es Salaam kuja Mloka, kaa kushoto. Usikae sambamba na nguzo inayoshikilia bawa, utarudi kwenu na picha hamsini za chuma. Asubuhi usikubali dirisha linaloelekea jua. Na kama umejaliwa mwili, shukuru Mungu, kwa sababu utawekwa kiti cha mbele kulia, ubavuni mwa rubani, ambako vioo viko mbele na pembeni.

Haya yote huyasema kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa angani. Mpaka mwezi uliopita alikuwa hajapanda ndege hata mara moja.

Elimu yake ameipata kwa kuuliza. Abiria akishuka, kabla hajakanyaga ardhi sawasawa, Mwantumu ameshamfikia: ulikaa wapi, umeona nini? Kiingereza chake ni maneno machache na mikono mingi, lakini majibu anayapata.

"Mmoja aliniambia ameona tembo wengi wamesimama, kumbe vichuguu. Mwingine akasema hakuona kitu, alilala. Huyo nina hasira naye hadi leo. Dirisha kubwa vile, halafu unalala!"

Ushauri huo uliwahi kumponza. Kapteni Mustapha, rubani anayetua Mloka mara nyingi kuliko wengine, anasimulia huku akicheka.

"Siku hiyo naingia ndani nakuta abiria wote wamejazana kulia. Kushoto hakuna mtu. Nikamfuata, nikamwambia, mama, hii ni ndege, si kitanda kwamba kila mtu achague upande wake. Wazito wanakaa mbele, wepesi nyuma, mkia usije ukalemea. Hapo ndipo na yeye akaanza kuchanganya mandhari na kilo."

Kwa nini basi mtu ambaye hakuwahi kuruka awe na hamu kiasi hiki na dirisha la ndege? Mwantumu akiulizwa hivyo hujibu kwa neno moja: "Bati."

Bati lenyewe ni la dada yake, Habiba, aliyevuka miaka sitini na anayeishi Mkokoni, kitongoji cha visiwani katika delta ya Rufiji. Huko ndiko walikozaliwa wote wawili. Mama yao alipofariki, Habiba ndiye aliyemlea Mwantumu mpaka akaolewa huku juu Mloka. Habiba alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya makuti yanayovuja. Miaka miwili iliyopita alimaliza nyumba yenye bati jekundu, la kwanza katika ukoo wao.

Lakini hakuhamia. Aliweka nadhiri kwamba hatasoma dua ya kuhamia, wala hatalala ndani, mpaka mdogo wake aione nyumba hiyo kwa macho yake. Akaendelea kulala kwenye kibanda cha zamani, hatua chache tu kutoka kwenye mlango mpya.

Kufika Mkokoni kutoka Mloka si jambo la kuamka na kwenda. Ni gari mpaka Kibiti, gari jingine mpaka Nyamisati, halafu boti, na boti inangoja maji yajae. Kila Mwantumu alipoomba ruhusa aliambiwa wageni ni wengi na hakuna wa kushika mizani.

"Dada ananiambia, watu wa dunia nzima wanapita mbele ya macho yako, bati langu tu ndilo hulioni. Masika iliyopita alinipigia simu anisikilizishe matone yanavyoingia kwenye ndoo. Ana nyumba, anakaa na ndoo! Niliumia sana. Nililia mpaka mume wangu akadhani kuna msiba."

Mwaka huu kampuni ya ndege ikampa zawadi ya utumishi: safari ya bure kwenda Mafia na kurudi siku hiyohiyo, kukiwa na kiti kitupu. Njia ya Mafia inaikata delta katikati. Mwantumu akampigia dada yake papo hapo, na mazungumzo yakawa marefu kuliko ya mahari. Je, kuona kutoka angani ni kuona?

Habiba hakutaka kuamua peke yake. Akaenda kumuuliza mwalimu wa madrasa wa Mkokoni, naye akasema kuona ni kuona, hata ukiwa juu ya mnazi. Habiba akakubali kwa sharti moja: Mwantumu aone sawasawa, aweze kula kiapo kwamba ameliona.

Hapo kiti cha mbele kikawa jambo la kufa na kupona. Mwantumu alipanda mizani yake mwenyewe na kukuta kilo sabini na sita. Kwa miaka yote ya kupima watu alijua kwamba kwa kilo hizo atawekwa katikati, kwenye nguzo ya bawa, akatazame chuma.

Aliyemwokoa, au aliyemponza, ni jirani yake Tabu. Tabu ni kungwi. Kazi yake ni kuwafunda wasichana waliovunja ungo, ambao kwa desturi ya huku huwekwa ndani, hupumzishwa na kulishwa mpaka wang'ae, ndipo watolewe kwa ngoma.

"Nilimwambia, shoga, mimi nimenenepesha wanawali wembamba kama fito wakatoka hawapiti mlangoni. Wewe utanishinda?" anasema Tabu. "Nikamweka ndani."

Na kweli akamweka ndani Mwantumu, bibi mwenye wajukuu watatu. Akitoka kazini, Mwantumu hakuruhusiwa kushika ndoo, jembe wala kinu. Baiskeli yake ilifungiwa, akawa anapelekwa uwanjani kwa bodaboda asije akapungua njiani. Asubuhi uji wa mchele na nazi, mchana wali na kambale, jioni wali uliobaki na maandazi. Wanawake wa mtaani walileta sahani kwa zamu na kusimama mlangoni kuhakikisha imeisha.

Aliyelalamika ni mumewe Bushiri, mkulima anayeshinda na kulala juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu, akilinda mpunga wake dhidi ya tembo.

"Chakula nilichokuwa naletewa dunguni kilianza kupungua," anasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Nikishuka kuuliza, naambiwa mwali anakula. Tembo wanakula shambani, mke wangu anakula nyumbani. Mimi nilibaki kama mgeni wa wote wawili."

Zipu ya kizibao cha njano ikagoma kufunga. Mwantumu akafika kilo tisini, na kwa mujibu wa Tabu, angefika mia kama Bushiri asingedai chakula chake.

Siku ya safari ikafika. Abiria walikuwa watalii wanne, wote wembamba, mwandishi wa makala haya, na Mwantumu mwenyewe, aliyevaa gauni jipya la kitenge kwa sababu la zamani halikumwingia. Tabu alikuja na wanawake wawili kushuhudia. Mwantumu alipokanyaga mizani na mshale ukasimama, vigelegele vililia hadi ngiri wakatimka. Kwa mara ya kwanza katika uwanja ule, mtu alishangiliwa kwa uzito wake.

Vigelegele havijaisha, ikafika bodaboda iliyoinama upande mmoja. Aliyeshuka ni Abdulrazaq, mfanyabiashara wa Kibiti anayeuzia kambi mboga na matunda, akiwa ndani ya kanzu nyeupe. Alikuwa anakwenda Mafia harusini na alikuwa amekata tiketi ya dakika ya mwisho. Ni mtu wa wastani, si mnene hata kidogo. Lakini alipanda mizani akitembea kwa uangalifu wa ajabu, na mshale ukaenda, ukapita tisini, ukasimama mbele yake.

Tabu ndiye aliyegundua.

"Mifukoni! Muulize ana nini mifukoni!"

Abdulrazaq akajaribu kucheka. Begi lake lilikuwa limeshajaa kiwango kinachoruhusiwa, kwa hiyo korosho za harusi alikuwa amezigawanya mwilini: mifuko ya kanzu, mifuko ya suruali iliyo ndani ya kanzu, na, kama alivyokiri baadaye, nyingine ndani ya soksi.

Wanawake wakapiga kelele azitoe apimwe upya. Hapa ndipo mwandishi alipomwona Mwantumu akiwa katika mtihani. Alitazama mshale, akamtazama Tabu, akatazama kiti cha mbele kulia kupitia kioo cha ndege. Neno moja tu lingetosha. Kisha akamgeukia Kapteni Mustapha na kumtajia uzito wa Abdulrazaq kama ulivyo, na korosho zake.

"Ndege haijui kama ni nyama au korosho," alisema. "Kitakachokaa kwenye kiti ndicho hicho."

Tabu alitupa mtandio chini. Alisema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Kwa hiyo Abdulrazaq akakaa mbele kulia. Mwantumu akawekwa kushoto, nyuma ya nguzo ya bawa, upande ambao kwa miaka yote amekuwa akiwaonya watu wasiukubali. Mwandishi alitupwa mkiani karibu na mabegi, kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo.

Ndege ilipoinuka, Mwantumu alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Halafu akaanza kutazama. Chini, dungu la Bushiri lilipita likiwa dogo kama kibiriti, na Mwantumu akapiga kelele, "Baba watoto, ugali uko jikoni!" Watalii wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Kwa muda mrefu upande wa kushoto ulikuwa miti na vumbi. Kulia, watalii walikuwa wakionyeshana mto, mchanga wake na daraja la Ndundu kwa mbali, wakipiga picha. Mwantumu alikunja uso. Akainama mbele kadiri mkanda ulivyomruhusu, akamgusa Abdulrazaq bega.

"Kaka, wewe uko kwenye dirisha la heri. Delta hiyo inakaribia, niangalizie. Unaona bati jekundu?"

"Naliona," alijibu Abdulrazaq.

"Liko wapi?"

"Kila mahali."

Mwantumu akanyoosha shingo zaidi na kugundua kwamba Abdulrazaq alikuwa amefumba macho tangu walipoondoka Mloka. Jasho lilikuwa likimtiririka, midomo ikisoma dua, na mkononi alikuwa ameshika korosho kama tasbihi. Kiti kizuri kuliko vyote kwenye ndege ile kilikuwa na mtu asiyeona kitu.

Kapteni Mustapha alikuwa akisikia yote. Delta ilipofunguka, alitangaza kwamba atazunguka mara moja, akalaza ndege upande wa kushoto. Abdulrazaq akauliza kwa sauti kubwa kama wanaanguka. Hakuna aliyemjibu, kwa maana wote walikuwa wamegandia vioo.

Chini, maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakigawanyika na kugawanyika tena katikati ya mikoko, mpaka huwezi kusema mto umeishia wapi. Mwantumu aliweka paji la uso kwenye kioo na machozi yakamtoka.

"Kumbe ni padogo hivi," alisema. "Tulikuwa tunaona ndiyo dunia nzima."

Mkokoni aliitambua kwa mkondo unaojikunja mbele ya msikiti. Akatafuta bati. Akaona jekundu moja, akaruka kwenye kiti. Akaona la pili. Kisha la tatu, karibu na mnazi uliopinda. Ndege ilipomaliza mzunguko alikuwa amefikisha mabati mekundu sita, na uso wake ulikuwa umeanguka.

Ilipotua Mafia, simu kutoka kwa Habiba iliita kabla mlango haujafunguliwa. Mwantumu akaiweka kwenye spika.

"Mdogo wangu, umeliona?"

"Dada, nimeona mekundu mengi."

"Langu ndilo zuri."

"Yote mazuri, Dada. Kuapa siwezi."

"Basi," alisema Habiba kwa upole uliouma kuliko hasira. "Mungu akipenda mwakani. Ndoo ipo."

Abdulrazaq alikuwa ameshashuka, akibusu ardhi na kumwaga korosho. Kiti cha mbele kulia kikawa kitupu. Kapteni Mustapha akaufungua mlango wa mbele na kukipangusa kwa kiganja.

"Mama, kurudi ni mimi, wewe na mwandishi tu. Kiti hiki chako. Nitapita chini kidogo, utaangalia mpaka utosheke."

Mwantumu alikitazama kile kiti kwa muda. Alikipapasa ngozi yake, akakibonyeza aone ulaini wake, akatikisa kichwa.

"Kapteni, kiti chako kizuri. Ila nishushie mfuko wangu. Boti ya Nyamisati inapandiwa wapi?"

Rubani alimkumbusha kazi, kampuni, na watalii wa kesho asubuhi. Nani atapima?

"Tabu. Ameweza kunenepesha, atashindwa kupima?" Akaanza kufunga mtandio vizuri. "Bosi mwambie Mwantumu ameanza likizo. Mimi nimepima wageni miaka yote hii waende kwa ndugu zao. Na mimi nina ndugu. Mvua za vuli hizo zinakuja, na dada yangu ana ndoo."

Akapanda bodaboda kwenda bandarini, na bodaboda ile ikainama.

Siku chache baadaye simu ya mwandishi iliita. Mwantumu alikuwa Mkokoni na alikuwa anacheka kiasi cha kushindwa kuongea.

"Unajua nimekuta nini? Bati limefunikwa makuti! Lote, kuanzia pembe hii mpaka ile! Yale sita niliyoyaona yote ya watu wengine. Hata ningekalia mapaja ya rubani nisingeliona!"

Habiba akamnyang'anya simu ili ajitetee.

"Mwanangu, bati jipya, halijasomewa dua, unaliacha wazi? Watu wapite na maboti yao walitie jicho? Nililifunika siku ileile aliyoshuka fundi. Yeye aliniambia anakuja kuona, nikajua akikaribia nitafunua. Sasa ndege unaikaribisha vipi? Ilipita mbio, nikiwa ndiyo kwanza natafuta ngazi, na kwenye simu nikaona aibu kusema."

Simu ilirudi kwa Mwantumu. Alisema makuti yameshashushwa, vijana wa mtaani wamepewa wali, na bati ni jekundu kweli, linaumiza macho. Dua itasomwa Ijumaa. Amepunguza kilo kadhaa kwa kupanda ngazi, jambo ambalo ameomba Tabu asiambiwe.

Alipoulizwa lini atarudi kwenye mizani yake, alishusha sauti ili dada yake asisikie.

"Mvua ya kwanza ikinyesha. Nataka tulale ndani wote wawili, tuisikie inagonga bati usiku kucha na sisi hatuamki kukinga."